Kutafuta Baa Baina ya Magharibi na Isha

Mke wangu alifia jikoni, nazi ikiwa mkononi. Naliweka hili mbele kwa sababu mtu akisikia kwamba Mndengereko mzima, tena mtoto wa madrasa, alizunguka Kibiti yote anatafuta baa, haraka haraka atasema yule alishakuwa mlevi. Sikuwa mlevi. Hadi leo bia siijui ladha yake. Nilichokuwa nakitafuta ni mahali pa kukaa baina ya magharibi na isha, basi.

Saa ile ndiyo aliyoondokea. Alikuwa amekalia mbuzi, anakuna nazi ya mchuzi, na mimi niko uani natengeneza feni ya jirani huku tunazozana, kama ilivyokuwa kawaida yetu, kuhusu chakula kuchelewa. Mara sauti ya kukuna ikakatika. Nikadhani amenuna. Nikamtupia neno jingine la kumchokoza, hakujibu, nikacheka peke yangu na kuendelea kukaza skrubu. Nilipoingia jikoni nilimkuta amelalia ubavu, mguu mmoja bado uko juu ya mbuzi. Hospitalini wakasema presha.

Wanawake wa msiba walipikia nje, kwenye mafiga makubwa, hivyo hakuna aliyehitaji kuingia jikoni kwetu. Nikapiga kufuli mlangoni na ufunguo nikautia mfukoni. Ndani mbuzi ilibaki imefunguliwa vile vile, na ile nazi pembeni.

Mwanamke akifiwa na mume ana eda. Miezi minne na siku kumi anakaa ndani, haonekani, hatumwi, hachekeshwi kwa nguvu. Dunia nzima inajua kwamba huyu yuko ndani ya jambo lake, inampisha. Mwanamume hana eda. Siku ya tatu matanga yanaanuliwa, mikeka inarudishwa kwa wenyewe, na kesho yake simu inaita: fundi, friji langu haligandishi, unakuja lini? Kwa hiyo mchana nilikuwa mzima kabisa. Natengeneza mafriji, nabishana na wateja, nakula kwa mama lishe. Jua likianza kushuka ndipo ninapogundua kwamba miguu yangu haitaki kwenda nyumbani.

Dada yangu mkubwa, anayekaa mtaa wa nyuma, aliniletea chakula kila jioni kwenye hotipoti. Sina ubaya naye. Lakini hakuwahi kuiweka ile hotipoti chini bila maneno. "Mdogo wangu, mwanamume hakai hivi. Tafuta jiko." Nikimjibu jiko ninalo, limefungwa tu, anafyonza na kuanza kunitajia wanawake.

Nikakimbilia kwenye kahawa. Kila mwanamume wa huku ana kijiwe chake cha kahawa, na mimi nilikuwa na changu karibu na msikiti, miaka mingi, tangu nywele zikiwa nyeusi. Wale wazee niliwapenda. Lakini walikuwa wamekaa kikao bila mimi. Nilipoketi tu, mmoja akasema kuna mjane Chumbi, mtulivu, ana shamba la mpunga. Mwingine akasema wa Chumbi ana maneno mengi, bora yule wa Mkongo. Wakaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe, wa Chumbi na wa Mkongo, kahawa yangu inapoa. Mimi ni mtu wa hasira, sifichi. Nikawaambia, "Mke si komprisa ya friji, kwamba ikifa unafungua unafunga nyingine." Nikaweka kikombe chini na sikurudi tena pale.

Ndipo likanijia wazo la baa. Nilijiambia kwamba baa ndiyo mahali pekee ambapo hakuna mzee wa msikiti atakayekuja kunichagulia mke, na kwamba mtu akikaa pale na huzuni yake hakuna wa kumshangaa. Halafu, baa za Kibiti nazijua kuliko wanywaji wake. Nazijua kwa nyuma, kwenye nyaya na vumbi. Najua friji la wapi linavuja gesi na la wapi limeingiwa na panya. Nikaona haitakuwa kazi ngumu.

Ya kwanza ilikuwa ya barabara kuu, pale yanapopumzika malori ya kusini. Muziki wa pale unautikisa mpaka ubao wa kaunta. Nilikaa hadi soda ikaisha, nikatoka na masikio yanalia. Ya pili ina meza ya pool, imejaa vijana wa bodaboda. Niliagiza soda ya tangawizi nikakaa kimya. Nao wakaanza kunyamaza, mmoja mmoja. Kisha nikamsikia mmoja akimnong'oneza mwenzake, kwa Kiswahili chao cha Dar, "Oya, huyu mzee njagu nini? Mtu gani anakuja baa na soda?"

Njagu kwao ni askari. Nilicheka moyoni, lakini kicheko hakikufika mbali. Huku kwetu ilipita miaka ya mauaji, ambayo watu walikuwa wanafunga milango jua likiwa bado liko juu. Siisimulii. Aliyekuwepo anaijua, na asiyekuwepo aliisikia redioni. Ilikwisha, watu wakafungua tena biashara, taa zikawashwa. Lakini tabia zilibaki. Mpaka leo ukiingia baa yoyote hapa utaona viti vya ukutani vimejaa na vya katikati viko wazi, kwa sababu hakuna anayetaka kuipa barabara mgongo. Na mpaka leo mtu mzima, asiyelewa, anayekaa kimya akisikiliza, anaogopwa. Mlevi hana neno, mlevi ni mtu wetu. Mwenye soda ametumwa na nani?

Ndivyo ilivyokuwa ya tatu na ya nne. Ya tatu ilikuwa ya wafanyakazi wa ofisini, wanazungumzia uhamisho na posho mpaka unatamani wahamishwe kweli. Niliposogea wakabadilisha mazungumzo, wakaanza kuusifu mpira. Ya nne haikuwa baa bali kilabu cha uraka huko kwenye mikorosho, msimu wa mabibo, wazee wanakunywa kwa kata na kuimba. Pale nilipaonea raha kidogo. Kisha mwenye kilabu akaja kunichutamia miguuni, ananiambia kwamba kibali anakifuatilia, bado kidogo tu atakipata. Mtu mwenye mvi nyingi kuliko mimi. Nilisimama nikaondoka bila hata kumwambia mimi ni fundi friji, kwa aibu iliyonipata.

Nilianza kuzunguka tu. Nilitembea kwa miguu na begi la vifaa begani ili nionekane nina kazi, kutoka mtaa hadi mtaa, mpaka isha iadhiniwe. Halafu naingia nyumbani gizani, nakula cha hotipoti nimesimama, nalala. Mwili ulikwisha. Dada akasema nimepata sukari.

Ya mwisho, grosari ndogo ya bia, niliipata kwa kuitwa kazini. Ipo pembeni ya mji, upande wa kwenda Mtunda, ambako viwanja vimepimwa lakini nyumba bado ni moja moja na katikati yake mihogo. Kwa nje huoni kitu. Ukuta wa matofali usiopigwa plasta, geti la bati, na ndani yake uwanja uliofagiliwa vizuri, banda la makuti, viti vyekundu vya plastiki vyenye jina la bia mgongoni, na friji moja la kioo. Hilo ndilo lililokuwa bovu.

Mwenye biashara alikuwa mwanamke wa Songea, Mngoni, aliyeletwa huku na kazi ya kuwapikia mafundi wa barabara na hakurudi tena kwao. Alipata mume, akasilimu, akabaki. Mimi mama yangu ni Mmatumbi, na Wangoni ni watani wetu, basi hata sijafungua begi akaanza. "Wamatumbi wanajua umeme siku hizi? Nilidhani mnaishia kwenye kibatari." Nikamwambia babu zake walifika huku kutuibia mbuzi na kuku, na yeye kaja kumaliza kazi kwa kutuuzia pombe. Akacheka mpaka akashika kiuno. Nilijishangaa. Nilikuwa nimesahau kwamba bado naweza kutania.

Mume wake alikuwa amekaa kwenye kona, kiti cha ukutani, mguu mmoja. Wa pili ulikatwa kwa sukari. Alikuwa mtu wa visiwani, wa huko huko delta kwa baba zangu, mkata mikoko tangu ujana. Mikono yake ilikuwa bado mikubwa, ya kubebea boriti, inapumzika mapajani haina kazi. Mbele yake palikuwa na chupa ya soda ya tangawizi.

Nilipomaliza friji na likaanza kuunguruma, jua lilikuwa limezama. Nikawa nakunja nyaya polepole, nazirefusha. Yule bwana akaniangalia, akasogeza kiti cha pembeni yake kwa fimbo.

"Kaa," akasema.

"Mimi situmii pombe," nikasema, kwa ukali nadhani, kwa sababu nilishachoka.

"Hata mimi. Mimi hapa nauza kivuli. Bia ni ya mwenzangu, ataulizwa yeye mbele ya haki." Kisha akageuza shingo. "Mke wangu, mletee mtani wako soda."

Tukakaa, watu wawili wasiokunywa, tumeegemea ukuta wa baa. Hakuniuliza natoka wapi wala kwa nini siendi nyumbani. Wanywaji walikuja wakasalimia, wakaketi kila mmoja pake. Kulikuwa na mwalimu mstaafu karibu na kaunta, fundi cherehani kando ya geti, na dereva wa lori aliyependa kukaa chini ya taa ili aone vizuri anachokula. Waliniona niko pembeni ya mwenye nyumba, na kwao hilo lilitosha. Hakuna aliyeshusha sauti kwa ajili yangu. Isha ilipoadhiniwa tulikuwa tunazungumza habari za bamvua, namna maji makubwa yanavyoinua mashua iliyojaa boriti ambayo asubuhi watu kumi hawakuweza kuisukuma kwenye tope.

Nilirudi kesho yake, na kesho kutwa. Sikumbuki lini kile kiti kilianza kuitwa changu. Ninachokumbuka ni kwamba siku moja mgeni alikikalia, na yule mama akamwambia bila kumtazama, "Sogea baba, hapo pana mwenyewe." Mimi nilikuwa ndiyo kwanza naingia getini. Nilijisikia kama mtu aliyekuta jina lake limeandikwa mahali pazuri.

Watu wanasifu baa kwa bia ya baridi, nyama, au wahudumu. Mimi nitaisifu hii kwa kuwa ilikuwa na sauti zake na hazikubadilika. Friji linaunguruma. Fundi cherehani, tuliyemwita Cherehani tu, anakohoa. Mwalimu anaisahihisha taarifa ya habari. Mama anamgombeza mumewe kwa kula muwa, kwamba sukari yake anaitaka iishie wapi, na mume anajibu taratibu kwamba inaishia mguuni, na mguu si ulishakwenda? Walikuwa wanazozana kama sisi. Saa ile ile. Mwanzoni zogo lile lilinichoma, baadaye nikawa nalisubiri.

Siku moja nikamwambia habari ya nazi. Haikutanguliwa na kitu, nilimwambia tu: kukatika kwa sauti, neno langu la uchokozi, kicheko changu. Hakuwa ameambiwa mtu mwingine, hata dada. Yule bwana alisikiliza hadi mwisho. Hakusema pole, hakusema kazi ya Mungu, hakusema oa. Alimwomba mkewe apunguze sauti ya televisheni. Kisha akaagiza soda mbili, na tukanywa.

Nilikuwa na mahesabu yangu ya siri. Nilijiambia nitakaa pale muda wa eda, kama mwanamke, na ikiisha nitafungua jiko. Muda ukaisha. Nikajiongezea.

Kisha mguu uliobaki nao ukaanza. Kidole kilikuwa cheusi kabla hata hajatuambia. Mara ya kwanza walimpeleka hospitali akarudi, mara ya pili akarudi amebebwa. Alitaka kukaa mahali pake tu, kwa hiyo mimi na cherehani tulikuwa tunamtoa chumbani jioni, tunamweka ukutani, mama anamfunika mguu kwa kitenge. Jioni ya mwisho hakuigusa soda yake. Aliniambia, "Fundi, hilo friji linaunguruma vibaya." Nikamwambia liko sawa. Akasema, "Basi ni mimi." Alfajiri kipaza sauti cha msikiti kikatangaza.

Ndugu zake walikuja kutoka visiwani kwa boti mpaka Nyamisati, halafu kwa gari la mizigo. Watu wema, sikatai, walilia kweli. Lakini walipoingia na kuona kaunta na kreti, kaka mkubwa wa marehemu alishika ukuta kama aliyepigwa. Kule kwao walijua ndugu yao ana duka. Sheikh alikuwa njiani. Kreti zikafunikwa kwa turubai, friji likageuzwa uso ukutani. Zikabaki zile plastiki nyekundu. Mikeka haikutosha, watu ni wengi, na viti vyote vina jina la bia mgongoni. Tukaokota mkaa jikoni, tukakaa chini, mimi na mwalimu mstaafu na dereva wa lori, tunayapaka majina masizi mpaka vidole vikawa kama vya wachoma mkaa. Kanzu yangu nyeupe iliharibika siku ile na haijatakata mpaka leo.

Wanywaji wote walifika. Walikuwa wameoga, wamevaa kanzu na kofia zilizokaa kabatini tangu Idi, hawakunukia chochote. Na hapo wakafanya jambo ambalo sidhani kama walilikusudia. Kila mmoja alikwenda kukaa pake. Mwalimu karibu na kaunta iliyofunikwa, cherehani kando ya geti, dereva chini ya taa isiyowaka. Mimi nilijikuta ukutani. Pembeni yangu kiti cha marehemu kikawa kitupu, na uwanja mzima umejaa watu waliosimama.

Sheikh akaingia. Kaka wa marehemu akamwongoza hadi kwenye kile kiti, kwa kuwa ndicho pekee kilichokuwa wazi na tena kina kivuli. Sheikh akashika kanzu yake ili akae, na sisi wanne, kutoka pembe nne za uwanja, tukasema kwa pamoja, kwa sauti ya baa kabisa:

"Hapo pana mwenyewe!"

Watu wakageuka. Sheikh akabaki ameinama nusu, na kaka wa marehemu akatutazama mmoja mmoja, na nikaona anaelewa sisi ni akina nani. Sheikh, Mungu ampe umri, alijinyoosha, akasema, "Haya, tumwachie," akakaa mkekani. Kutoka ndani, kwa wanawake, nikasikia sauti ya mtani wangu ikipasuka. Mpaka wakati ule hakuwa amelia.

Akaingia eda. Geti la bati likafungwa. Nilipita mara mbili tatu jioni, nikaona majani yameanza kuota mbele yake, nikaendelea na safari yangu ya begi begani kama zamani. Wenzangu walitawanyika. Cherehani nilimwona kwenye ile ya pool, amekaa katikati, ameipa barabara mgongo, mtu asiyejali tena.

Siku moja nikapigiwa simu na kaka wa marehemu. Anataka friji lizimwe, liandaliwe kwa safari. Wanalihamishia Nyamisati kwa biashara ya samaki. Nilikwenda nikiwa nimekasirika toka nyumbani. Nilimkuta uwanjani na vijana wa gari. Nikamwambia, kwa adabu niliyoweza, "Shehe wangu, friji hili ni la mke. Mimi ndiye fundi wake, najua."

"Na mke ni wa nani?" akaniuliza.

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayeniuliza jua linazama wapi. Akaniambia nyumba hii ni ya ukoo, mjane atakaa mpaka eda yake iishe kama sheria inavyotaka, hawatamgusa, na baada ya hapo atarudi kwao Songea na stahiki yake. Watu wa dini, alisema, hawawezi kuacha nyumba ya ndugu yao iwe kilabu. Nikaanza kupandisha. Nikamuuliza dini gani inayomnyang'anya mjane kitendea kazi. Akapandisha na yeye. Vijana wa gari wakaanza kutusogelea.

"Mtani."

Sauti ilitoka dirishani, nyuma ya pazia. Hatukutakiwa kuongea naye, sisi wanaume wa kando, na wote tukanyamaza kama watoto.

"Mtani, usigombane. Zima tu."

Nikaenda, nikang'oa plagi. Friji lilitetemeka mara moja, kama ilivyo kawaida yake, kisha likanyamaza. Kimya kile nilikijua. Nilibaki nimepiga magoti pale chini, waya mkononi. Kaka wa marehemu alikoma kuongea, akaenda kusimama getini.

Sauti ikatoka tena nyuma ya pazia lile lile, safari hii chini zaidi.

"Sasa wewe utakaa wapi?"

Mwanamke amefiwa na mume, anachukuliwa biashara, anahesabiwa siku za kufukuzwa, na hilo ndilo lililomjia. Nililia, nasema wazi, nililia mbele ya vijana wa gari, kilio nilichokuwa nimekiweka tangu ile jioni ya nazi. Yeye ndani akalia pia. Tulilia hivyo, ukuta katikati, hakuna aliyeweza kumwona mwenzake.

Baadaye akasema, "Chukua kiti chako." Kaka wa marehemu akapunga mkono kwamba nichukue, vitu vya haramu vile yeye havimhusu.

Nilikibeba kichwani mpaka nyumbani, katikati ya mji, watu wakitoka kuswali magharibi. Masizi yalikuwa yameanza kubanduka, na jina la bia linasomeka. Mzee mmoja wa kahawa aliniona, akafungua mdomo, akaufunga. Nilifika nyumbani kabla giza halijaingia, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu msiba. Nikatoa ufunguo mfukoni nikafungua jiko.

Harufu haikuwepo. Nilitarajia harufu, kumbe vumbi tu. Ile nazi ilikuwa imekauka ikawa kama kipande cha ubao, na mbuzi ilikuwa imekaa vile vile, imenielekea, meno yake yameshika kutu. Chini yake kulikuwa na machicha machache meusi, ambayo sisimizi walishayaacha. Nikaweka kiti mbele yake, nikakaa. Kiti kilikuwa juu, mbuzi chini, kama tulivyokuwa tunakaa akiniita nimsogezee taa. Sikuzungumza nayo. Sina wazimu. Nilikaa tu.

Dada akaja na hotipoti. Akakuta mlango wa jiko uko wazi, akapiga hodi mara mbili, akaingia na tochi ya simu. Aliangalia kiti chekundu, aliangalia masizi kwenye mikono yangu, na nikaona anahesabu moyoni kuna nini cha kusafisha. Akaweka hotipoti chini. "Afadhali umefungua," akasema. "Ngoja nikupangie pangie humu, pakalike." Akainama, akashika mguu wa mbuzi ili aikunje.

"Dada," nikamwambia, "acha. Hapo pana mwenyewe."

Mkono wake ukabaki pale pale juu ya mbuzi. Kisha akauondoa, akazima tochi, akakaa sakafuni kando ya kiti changu. Isha iliadhiniwa tukiwa tumekaa hivyo, na hakunitajia mwanamke yeyote.